Kamba, udongo na filamu inayonuka siki

Wiki hii yote nimekuwa nikibishana na wasanii wenzangu juu ya pambo. Wao wanasema pambo ni kitu cha mwisho, kazi ikishaisha ndio unaweka nakshi kama una muda. Mimi nimekataa kabisa, na sikatai kwa kiburi, ni venye ukizunguka Kisumu hii ukiangalia kuta utaona si hivyo.

Chukua zile nyumba za Wahindi za zamani, kuanzia Oginga Odinga Street ukipanda mpaka Milimani. Unakuta ukuta wa ngazi ama wa veranda umejengwa na matofali ya sementi yenye matundu, mengine ya duara, mengine ya almasi, mengine kama maua yenye petali nne. Mtu wa haraka anasema ni urembo tu. Lakini joto la saa nane la hapa kwetu si unalijua, sasa upepo wa ziwa unapita kwa hayo matundu, jua linakatwakatwa kabla halijaingia, na ndani mtu anakaa vizuri bila feni. Ziba hilo pambo uone kama nyumba itakalika. Halafu siku hizi tunajenga maghorofa ya vioo vitupu na kuweka eisii, na tunaita hayo maendeleo.

Kuna msanifu majengo wa Vienna, Adolf Loos, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alilinganisha pambo na uhalifu, na mfano akautoa kwa watu wa Papua wanaojichora miili, ati wao bado hawajafika. Hiyo inaniuma sana kila nikiikumbuka, juu mawazo yake bado yanafundishwa na watu wanayabeba bila kujua yametoka wapi. Angeletwa Thimlich Ohinga, kule Migori, aone zile kuta za mawe zilizoingia kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2018. Hakuna saruji wala udongo wa kushikilia, ni jiwe limekalia jiwe, nje na ndani wamepanga makubwa na katikati wakajaza madogo, na kuna mahali ukuta unapita mita 4. Mpangilio wa mawe ndio unaopendeza macho na ndio huo huo unaozuia ukuta usianguke. Sasa hapo utatenganisha aje?

Lakini kitu kilichonikalia kichwani ni chungu. Nilienda kwa mama mmoja mfinyanzi nje ya mji, nikamkuta amemaliza kupandisha udongo kwa mikono, bila gurudumu, chungu kikiwa bado kibichi. Akachukua kamba fupi ya nyuzi zilizosokotwa, akailoweka, akaiweka kwa bega la chungu na kuanza kuibiringisha na kiganja, polepole, huku anazunguka yeye mwenyewe akiwa ameinama, na kamba inaacha alama ndogo ndogo zilizolala upande mmoja kama punje za mtama. Nikamwuliza anahesabu aje ndio mwanzo na mwisho vikutane. Akaniambia, "Nyathina (mwanangu), sihesabu, mkono unajua. Na hii si ya kuangalia tu, chungu kikilowa hakikutelezi mkononi."

Hapo ndio nikamkumbuka Len Lye, yule msanii wa filamu wa New Zealand aliyeishi Samoa ujanani na kupenda sana sanaa za kule. Mwaka wa 1935 huko Uingereza alitoa A Colour Box, tangazo la posta, na picha zake hakutumia kamera, alipaka rangi moja kwa moja juu ya filamu. Na mara nyingi hakuchora kipicha kimoja kimoja, alivuta mistari kwa urefu wa ule mkanda, halafu projekta ndiyo ikaukata kuwa vipicha vinavyofuatana kwa muda. Kumbe ni kazi ya yule mama! Yeye pia anavuta alama kwa urefu bila kusimama.

Basi nikaanza kujaribu. Nina filamu kuukuu za milimita 16 nilizopewa na rafiki, zimeanza kuharibika mpaka zinanuka siki, nikazipitisha kwa jiki picha za zamani zikatoka zote ukabaki mkanda mtupu unaopitisha mwanga. Nikasokota uzi wangu, nikauchovya kwa wino na kuubiringisha juu ya mkanda. Projekta sina, kwa hivyo naweka mkanda juu ya taa, napiga picha na simu kipande kwa kipande, halafu napanga kwa kompyuta. Inachosha mgongo na macho lakini alama zikianza kutembea pale kwa skrini mwili unasisimka, zinatetemeka, zinapanda, zinarudi.

Sasa hesabu yenyewe ndio imeninyima usingizi. Futi moja ya filamu hii ina vipicha 40, na sekunde moja inakula 24. Chungu chenye bega la futi tatu kuzunguka ni vipicha 120, yaani sekunde tano kamili. Kwa hivyo naweza kukata mkanda wenye urefu sawa na bega la chungu, nikaunganisha ncha zote mbili, uzunguke bila kuisha kama venye kamba ilizunguka. Chungu kikubwa cha maji kitakuwa na muda wake, cha mboga muda wake mfupi. Jumamosi narudi kwa mama na futi ya fundi cherehani, nipime vyote alivyo navyo, na nimwombe anikopeshe ile kamba yake juu ile yangu inaacha alama pana sana.