Steringi hafi

Jumapili usiku

Leo mchana tulikula kwa shangazi, na sahani zilipotolewa tu ubishi wa picha ukaanza. Mpwa wangu alisema hajawahi kulia kama siku Tony Stark alipokufa kwenye Avengers: Endgame. Mdogo wangu akamkata, "Ndiyo maana picha yenyewe mbovu. Steringi hafi!" Yaani shujaa wa picha.

Mpwa hakuelewa. Hakukulia kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani. Kule sheria ilikuwa hiyo: steringi apigwe, afungwe kamba, atupwe mtoni, lakini mkanda ukiisha awe amesimama, na adui awe chini. Ndicho tulichokuwa tunalipia, kukaa kwenye benchi lisilo na mgongo, gizani, jasho la watu wazima likitutonea.

Commando ya 1985 iliifuata sheria hiyo mpaka kupitiliza. Arnold peke yake na kikosi kizima cha wanajeshi, risasi zinamkwepa, kisha Bennett, adui yake mkuu, anaishia na bomba la mvuke kifuani. Niliirudia majuzi. Kuna ile Porsche ya njano inayosagika ubavu mmoja, kisha Arnold anaisimamisha vizuri, anaingia, anaondoka nayo haina hata mkwaruzo. Kibandani hakuna aliyeliona hilo, au aliyeliona aliogopa kuzomewa. Mimi bado naipenda, na gari lao hilo.

Titanic ndiyo iliyotuvuruga. Niliiona ikiwa imetafsiriwa na Lufufu, yule mtafsiri wa picha wa Kiswahili, sauti yake ikipanda juu ya mawimbi, akitueleza hata yale ambayo waigizaji hawakuyasema. Jack alipozama, jamaa mmoja mbele alisimama akadai hela yake. Si utani, alidai kweli, na wengine wakamuunga mkono. Mwenye kibanda akazima deki na kufungua mlango, basi, kila mtu kwao.

Mdogo wangu mpaka leo anashikilia kwamba ule mlango aliolalia Rose ungewatosha wote wawili. Nikamwambia James Cameron mwenyewe, aliyeiongoza picha, alichoka na maswali hayo, mwaka 2023 akaonyesha majaribio aliyofanya na watu halisi kwenye maji baridi, na ikaonekana kwamba kwa kujipanga vizuri huenda Jack angepona. Mdogo wangu alipiga meza utadhani kashinda kesi.

Hapo ndipo shangazi alipoingilia. Kwake hakuna picha zaidi ya Sholay ya 1975, aliyoiona ukumbini Tanga akiwa msichana. Na humo steringi anakufa! Jai, yaani Amitabh, kila wakikwama na mwenzake Veeru anarusha sarafu iamue. Shangazi akaokota kizibo cha soda, akakirusha, akakidaka. Darajani risasi zinakaribia kuisha, sarafu inaamua Jai abaki, Veeru akafuate nyingine. Veeru anarudi, anamkuta rafiki yake anakata roho. Anaishika ile sarafu, anaigeuza. Shangazi akakigeuza kizibo polepole. Pande zote mbili zilikuwa sawa. Jai alikuwa ameshaamua siku zote.

"Tulitoka macho yamevimba," akasema, "na Jumapili iliyofuata tukarudi."

Nikamchokoza kwamba hata mwisho wake si ule uliopigwa kwanza. Kwanza Thakur, yule bwana aliyewaajiri Jai na Veeru, alimuua kwa miguu yake Gabbar, jambazi aliyemkata mikono. Wakaguzi wa serikali ya India wakakataa, ndiyo maana polisi wanatokea kumzuia.

"Kumbe! Walitudhulumu," akasema shangazi, na alikasirika kikweli, baada ya miaka yote hii.

Kwa hiyo sikubaliani na mdogo wangu. Steringi afe tu, ili mradi kifo kiniume. Kilichonikatisha tamaa mimi ni Coming 2 America ya 2021. Ile ya kwanza ya 1988 nilikuwa naijua neno kwa neno, hasa wale wazee wa kinyozi wanaobishana ndondi, ambao wengi wao wameigizwa na Eddie Murphy na Arsenio Hall, mastaa wenyewe wa picha. Kwenye hii ya pili wazee wamerudishwa, kinyozi ni kilekile, vichekesho ni vilevile, ila wanavitoa kama watu waliotumwa. Mpaka mfalme Jaffe Joffer anafariki, James Earl Jones yule, na mimi natafuna karanga.

"Alikufa vipi?" shangazi akauliza.

"Kwenye mazishi yake mwenyewe, shangazi. Aliyaandaa akiwa hai, akaletewa waimbaji na wacheza ngoma, yeye yuko hapo anatazama. Yalipokwisha akakata roho."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Hiyo hiyo," akasema. "Niletee hiyo."