Jina kwa nusu debe la asali: siku yangu moja Tabora

Saa 11 alfajiri

Kabla sijawasha taa huwa nasikiliza kwanza. Pipa likiwa hai linasikika, linanong'ona kama watu wawili wanaosengenya nyuma ya ukuta. Leo ni Ijumaa ya mwezi wa saba, kipupwe cha Tabora kimekaza, na wanzuki ambayo kwa kawaida hunipa siku tatu, hii iko siku ya nne na ndiyo kwanza inatulia. Nililifunika pipa kwa blanketi la mapacha wangu. Wenyewe wako bweni, blanketi lilikuwa halina kazi.

Kwa asiyeijua, wanzuki ni pombe ya asali. Asali ikiwa nzito haichachi, hata ukiiacha miaka. Ukiizimua kwa maji ndipo chachu inapata pa kuishi. Mimi natia kikombe kimoja cha asali kwa vinne vya maji ya vuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto mchanga, maana yakizidi moto chachu inakufa. Bibi yangu wa Sikonge alikuwa anatia tunda la mwegea lililokaushwa. Mimi natia hamira ya dukani, na nikilisema hilo mbele ya wazee nasemwa. Sukari sitii. Wanaotia sukari wanajijua, na wateja wao wanajijua zaidi kesho yake asubuhi.

Mtoto wa dada yangu anaamka, macho yamevimba, anatumbukiza kile kijiti chake cha kioo kwenye jagi. Haidromita. Utamu ukiwa mwingi kinaelea juu, ukigeuka kilevi kinazama. Alikuja nacho kutoka Nairobi, alikofanya kazi miaka miwili kwenye baa inayouza zile bia za viwanda vidogo. Yeye anaziita bia za mafundi. "Mama mdogo, bado kidogo," anasema. Mimi nilishajua kwa sikio, lakini namwacha asome namba zake. Mwaka juzi sikio langu lilinidanganya: nikafunga chupa mapema, chachu ikaendelea kula utamu na kutoa gesi humo humo ndani, usiku chupa kumi na mbili zikalipuka chini ya kitanda. Jirani alitoka na panga akidhani ni majambazi.

Saa 2 asubuhi

Kreti tupu kwenda depo, kreti zilizojaa kurudi. Mwenye bajaji analalamika barabara, mimi nalalamika bei. Hakuna la kusimulia hapa.

Saa 3 asubuhi

Sasa lile lililoninyima usingizi wiki nzima.

Baa yangu ina miaka sita hapa Cheyo na haina jina. Yaani jina inalo, watu wanasema "kwa Mama Pacha", ila hakuna kibao wala karatasi. Yule kijana wa dada yangu anataka tuanze kuuza wanzuki kwenye chupa, yenye lebo, ipite TBS, wale wa viwango, ikae dukani kama bidhaa nyingine. Bila jina lililosajiliwa huanzi hata hatua ya kwanza. Siku hizi jina la biashara unalisajili kwenye mtandao wa BRELA, wasajili wa biashara, ukiwa umekaa kwako, ukiwa na namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Kazi si kusajili. Kazi ni jina.

Orodha ya kijana ilikuwa na maneno kumi, tisa yakiwa na "Pub" au "Lounge". Nikamwambia sitaki. Mji huu umejaa "Garden" ambazo bustani yake ni ndoo mbili za maua ya plastiki, na "Park" yenye mti mmoja, na huo mmoja ni wa jirani. Jina la kumi ndilo lililonipata: Mzinga.

Fikiria mwenyewe. Mzinga ndio nyumba ya nyuki, na huku kwetu misitu ya miyombo ndiyo imeufanya mkoa ujulikane kwa asali. Hata chuo cha nyuki kipo hapa hapa mjini. Mzinga ni chombo cha vita, na Tabora imeonja vita, Wabelgiji walipowatoa Wajerumani mwaka 1916. Mzinga kwenye baa ni ile chupa kubwa ya Konyagi. Na kupiga mzinga, kila mwenye simu ana ndugu anayempiga mzinga tarehe ishirini na tano. Neno moja, maana nne, na yote yanapita kaunta kwangu kila siku.

Tatizo ni kwamba lina mwenyewe. Mtaa wa Ng'ambo kuna mama mtu mzima, kilabu chake cha pombe za kienyeji kinaitwa kwa Mama Mzinga tangu mimi niko shule ya msingi. Hana kibao. Hajasajili chochote. Kijana kaja na simu, fomu imejaa, kidole kiko hewani: "Mama mdogo, sheria inamtambua aliyesajili. Nibonyeze?"

Nikamwambia weka simu mfukoni, chukua chupa moja, tunakwenda Ng'ambo.

Njiani akanisimulia kisa kilichonifanya nimsamehe ile orodha yake. Anasema Marekani wapika bia wadogo wamekuwa maelfu, majina mazuri yamekwisha, wanaburuzana kwa mawakili. Mwaka 2015 Lagunitas iliishtaki Sierra Nevada, zote za California, kwa jinsi herufi tatu, IPA, zilivyoandikwa kwenye lebo. Herufi za aina ya bia, ambazo kila mpikaji anaziandika! Wanywaji wakaja juu, na kesi ikaondolewa ndani ya siku chache. Lakini kuna wawili wengine, Avery wa Colorado na Russian River wa California, waligundua kila mmoja ana bia iitwayo Salvation. Hawakwenda mahakamani. Walichanganya bia zao mbili kwenye chupa moja, wakaiita Collaboration Not Litigation, maana yake tushirikiane, tusishtakiane. Ilikuwa 2006.

"Walikunywa kwanza, wakaongea baadaye," nikasema.

"Hilo sijui, mama mdogo."

"Mimi najua."

Saa 5 asubuhi

Tulimkuta kwenye kigoda, anachambua mtama. Shikamoo, marahaba, mwangaluka, za nyumbani, za mapacha, za mama yangu aliyekwisha kufariki na bado anaulizwa. Salamu ya Kinyamwezi haikimbizwi. Kijana alianza kutikisa goti, nikamkata jicho.

Nikaomba kikombe. Nikamimina, nikanywa mimi kwanza funda moja mbele yake, ndipo nikampa. Hiyo kila aliyelelewa kwenye pombe anaijua: mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone kwamba ndani hamna kitu. Kijana anasema kule Nairobi mteja ndiye anayeonjeshwa kabla ya kununua, na akiomba kuonja mara sita kisha akaagiza maji, anaonekana hana adabu. Sawa, kila kaunta na desturi yake.

Akanywa. Akakaa nayo mdomoni.

"Hamira hii."

"Ndiyo, mama."

"Asali nzuri, lakini." Akaweka kikombe. "Haya, umekuja kuniambia nini?"

Nikasema lote, na la fomu nikalisema, maana angelisikia tu. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akawa mfanyabiashara kuliko mimi.

"Hilo jina nimelilea peke yangu. Nitakuuzia. Debe la asali."

"Debe zima, mama?"

"Unataka na la mkopo? Nusu debe basi. Na iwe ya porini huko Sikonge, usiniletee iliyochanganywa. Na jambo la pili." Akanyoosha kidole. "Mzinga Mkubwa ni mimi. Wewe andika Mdogo."

Kijana akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Lita kumi za asali. Nimepiga hesabu njia nzima ya kurudi, na bado naona nimepata bei nzuri. Kidole kingenipa jina lile lile kwa ada ya serikali tu, halafu wanzuki yangu ingenywewa na watu wanaoniita mwizi wa mama mzee. Tabora ni mji mdogo. Wanaokunywa Cheyo ndio wanaokunywa Ng'ambo.

Saa 8 mchana

Kuchuja kwa kitambaa, kuosha glasi, kufagia. Binti wa kaunta amechelewa, mtoto wake ana homa. Nimemwambia aende naye hospitali ya Kitete kwanza, baa haikimbii.

Saa 10 jioni

Tunafungua. Wa kwanza kama siku zote ni mzee mstaafu wa reli, tunamwita Mzee Behewa. Kiti chake ni kile cha pembeni, anapoona njia. Hakuna maandishi yoyote, lakini mgeni akikikalia mhudumu anamhamisha kwa heshima kabla mzee hajafika mlangoni.

Naona niziandike hizi adabu, maana watu wanadhani baa haina adabu.

Bia inafunguliwa mbele ya mteja. Mhudumu akileta chupa iliyokwisha kufunguliwa, mteja ana haki ya kuirudisha na mimi nabadilisha bila swali. Chupa tupu haziondolewi mezani mpaka bili ilipwe, kwa sababu ndizo hesabu. Na huhesabu chupa za meza ya mwenzio hata kwa macho. Akikuzungushia mtu, nawe jiandae kuzungusha, au sema mapema kwamba leo uko vibaya. Kusema hivyo si aibu. Aibu ni kwenda chooni na kutokea mlango wa nyuma. Mali kauli iko kwa watu watano tu, na majina yao yako kwenye daftari, hayako ukutani.

Na ofa kwa mwanamke aliyekaa peke yake. Hili nimelipigania. Zamani jamaa alikuwa anaagiza tu, bia inatua mezani kwa dada wa watu, na jamaa anafuata nyuma ya bia. Kwangu mhudumu anakwenda kuuliza kwanza: mzee wa meza ile anataka kukununulia, upokee au usipokee? Akikataa, limekwisha. Akikubali, bia imefika peke yake, mnunuzi abaki alipo. Nimepoteza wateja watatu kwa sheria hii na nimepata meza mbili za walimu wa kike kila Ijumaa. Wanalipa kabla ya kuondoka.

Saa 1 usiku

Pamejaa. Jiko la mishkaki linatoa moshi kuelekea kwa jirani mwenye mti.

Kijana ametoa ubao wake wenye glasi ndogo nne, wanzuki za siku tofauti, ya kwanza tamu na ya nne kali. Anasema ndivyo wanavyoonja kule. Dereva mmoja akauliza kama ni dawa ya kikohozi, anywe kutwa mara tatu. Lakini walimu waliagiza ubao, wakabishana glasi ipi ni ipi, wakaagiza mwingine.

Mfanyabiashara mmoja wa Nzega akaomba bia "ya moto". Kijana zamani alikuwa anakunja uso kwa hilo, siku hizi ametulia. Anasema hata Uingereza kuna chama kinaitwa CAMRA, kilianzishwa na wanywaji wanne mwaka 1971, kutetea bia inayoendelea kuchacha ndani ya pipa, isiyopigishwa barafu. "Hai," anasema. Mzee Behewa akageuka: "Kumbe Wazungu wanaandamana kupata wanzuki."

Hapo nikatangaza jina. Nikajua nimekosea muda, maana kila mtu ana nadharia ya majina. Mzee akaanza na Tusker: mmoja wa ndugu walioanzisha kiwanda kule Kenya aliuawa na tembo mwaka 1923, ndugu yake akaipa bia jina la yule mwenye pembe. Mwingine akaleta Balimi, ambayo ni wakulima tu kwa lugha ya kwetu na ya Wasukuma, na haikuhitaji Kiingereza ili inyweke. Mwingine akasema hata Tabora yenyewe, wazee husema imetokana na matobolwa, viazi vya kuchemshwa na kukaushwa, kwa hiyo mji mzima umeitwa kwa jina la chakula cha safari. Mzaramo mmoja aliyekuja na mizigo akasema ndiyo maana Wanyamwezi walikuwa wanabeba mizigo mpaka Bagamoyo, wameshiba viazi. Ni watani zetu. Akalipishwa raundi kwa hilo.

"Sasa Mzinga sawa," akasema Mzee Behewa. "Lakini Mdogo? Nani anakwenda baa kuomba mzinga mdogo?"

Nikawaeleza kuhusu nusu debe. Pakawa kimya kidogo. Nilikuwa sikujua kwamba nusu ya wale wazee walianzia unywaji wao kwenye kile kigoda cha Ng'ambo.

Saa 5 usiku

Muda wa leseni. Binti wa kaunta, aliyefika saa 12 (mtoto ana malaria, kapewa dawa), anazima muziki. Nahesabu chupa, naandika daftari, kijana anabonyeza ile fomu: Mzinga Mdogo. Naona maneno yanaondoka kwenye simu.

Mlangoni dereva wa dawa ya kikohozi bado anabembeleza. "Mama Pacha, kimoja tu cha mwisho. Lete basi mzinga mkubwa tukalale."

"Mkubwa uko Ng'ambo," nikamwambia. "Kesho. Na ukifika, msalimie vizuri, usimkimbize."