Kumbukumbu ya mradi: glavu ya mguso ya VR, toleo la pili

Mota zimebadilishwa

Glavu hii humfanya mtu ahisi vidoleni vitu anavyoviona kwenye miwani ya VR, yaani ulimwengu bandia wa kompyuta. Toleo la kwanza lilitumia mota za sarafu (bapa na duara) aina ya ERM, zile ambazo fundi simu hukosi kumkuta nazo: kipenyo mm 10, volti 3, miliampea kama 80. Zinatetemesha kidole vizuri, lakini hazitoi hisia ya kugusa kitu. Ndani yake mna kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja, na sharti kianze kuzunguka ndipo ngozi ihisi. Hapo milisekunde 50 zinaweza kuisha, na ukikata umeme chuma bado kinazunguka. Jicho limeshaona kidole kimegonga ukuta, mguso unafika kama mgeni aliyechelewa harusini. Kupunguza volti ili mguso uwe mwepesi nako hakusaidii, maana nguvu na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) hushuka pamoja na kinachobaki ni mngurumo.

Sasa kuna mota tano za aina ya LRA, za mm 10, zenye masafa asilia ya 175 Hz. Hizi hazizunguki: sumaku iliyoshikwa na springi hucheza juu na chini. Zinaamka na kusimama upesi, ila zinadeka. Ukizilisha masafa yaliyopishana na yake kidogo tu, nguvu inaporomoka. Ndiyo maana kila mota ina bodi yake ya kuiendesha, DRV2605L, inayopima umeme unaorudishwa na mota na kuyafuata masafa hayo yenyewe.

Nyaya na kalibresheni

DRV2605L zote zina anwani moja, 0x5A, na haibadilishwi. Kwa hiyo kati yake na ESP32, kompyuta ndogo yenye Wi-Fi inayoongoza glavu, kuna TCA9548A (anwani 0x70), swichi ya mawasiliano yenye njia nane. Waya wa data (SDA) uko pini 21, wa saa (SCL) pini 22, kasi ni 400 kHz. Kabla ya kuzungumza na kidole, andika kwanza kwenye TCA biti ya njia yake.

Kalibresheni, yaani bodi kuipima mota na kujirekebisha kwayo, ifanyike mota ikiwa imeshabandikwa kwenye glavu na kidole kimo ndani. Mota inayorukaruka mezani haina kitu cha kusukuma, na majibu yake ni ya uongo. Washa biti ya 7 ya rejista 0x1A (rejista ni kijisehemu cha kumbukumbu ndani ya DRV2605L) ili bodi ijue ni LRA, jaza volti za mota kwenye 0x16 na 0x17, weka 7 (hali ya kalibresheni) kwenye 0x01, kisha 1 kwenye 0x0C ili ianze. Subiri hiyo 1 irudi 0, halafu soma 0x00: biti ya 3 ikiwa 0, imefaulu. Hifadhi thamani za 0x18, 0x19 na 0x1A za kila kidole uziandike upya kila glavu inapowashwa.

LRA hizi hutetema kuelekea usoni mwake, kwa hiyo uso wa mota ulale bapa kwenye nyama ya ncha ya kidole. Sponji katikati hunyonya karibu kila kitu. Waya zake ni nyembamba mno na hukatikia pale pale zilipolehemiwa. Tone la gundi ya moto hapo, na kitanzi kidogo cha waya kilicholegea kwenye kila kiungo cha kidole, huondoa usumbufu huo.

Ucheleweshaji

Hapa ndipo glavu nyingi hufia, mota zikisingiziwa bure. Kwanza, Wi-Fi ya ESP32 husinzia ili kuokoa betri, na pakiti inaweza kungoja hadi milisekunde 100 hivi kwenye ruta. `WiFi.setSleep(false)` inamaliza hilo. Pili, Unity, programu inayoendesha ulimwengu huo bandia, hukagua migongano kila sekunde 0.02 isipoambiwa vingine. Kwa miwani ya fremu 90 kwa sekunde, weka 0.0111. Pakiti ni za UDP (hutumwa bila kungoja uthibitisho kuwa zimefika), baiti sita tu: namba ya mfululizo na nguvu za vidole vitano. UDP hupoteza pakiti, basi kidole kisichopata habari kwa milisekunde 100 kinazimwa. Bila hivyo, siku pakiti ya "acha" ikipotea, kidole kitatetema hadi betri iishe.

ESP32 ikijizima na kuandika "Brownout detector was triggered", usikimbilie kulaumu programu. Wi-Fi na mota tano zimevuta umeme kwa pamoja. Dawa ni kapasita ya µF 470 karibu kabisa na bodi, na nyaya nene zaidi kutoka kwenye betri.

Mguso wenyewe

DRV2605L ina maktaba za mitetemo (athari) iliyotayarishwa; namba 6 ndiyo ya LRA. Mguso mwepesi unatumia athari namba 24, kugonga kwa nguvu namba 1. Kupapasa ni kazi ngumu zaidi: bodi huwekwa hali 5, ambapo nguvu huandikwa moja kwa moja kwenye 0x02, kikomo 127. Mistari ya uso unaopapaswa, iliyoachana mm 2, ikipitiwa kwa mm 100 kwa sekunde, inadai mapigo 50 kila sekunde, na LRA inaanza kuyachanganya. Kwa hiyo juu ya mapigo 30 programu inaacha kuyahesabu. Inatoa mtetemo mfululizo unaopanda na kasi ya kidole. Kidole kikisimama, nguvu ni sifuri papo hapo. Uso unaotetema chini ya kidole kisichosogea haumdanganyi mtu.

Servo (mota za kushikilia mahali) za kuzuia vidole, kama zile za glavu za VR za LucidGloves, hazimo kwenye toleo hili. Servo moja ya SG90 ni gramu 9. Tano ni 45 mgongoni mwa kiganja, kabla ya kuhesabu vishikio na betri kubwa zaidi. Kinachofuata ni glavu ya kushoto, na kiganja chenyewe: TCA bado ina njia tatu wazi.