Doti Iliyorudishwa

Jumapili usiku, Ngamiani, Tanga.

Asubuhi nilikuwa napekua sanduku nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, mkono ukaangukia daftari langu la kaunta la mwaka 2005. Jalada limeliwa na mende, lakini mwandiko ni wangu, safu kwa safu: nyumba, waliojiandikisha, wetu, wao, wanaoyumba. Nimekaa nalo sakafuni mpaka chai ikapoa.

Kazi hii niliianza 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe 1992. Nilikuwa wakala wa chama kwenye kituo cha kura, kijana wa kukesha na taa ya chemli. Mwaka ule ulinifunza kwamba kelele za uwanja wa Tangamano hazipigi kura. Uwanja unafurika, watu wanaimba mpaka sauti zinakauka, kumbe wengine hawajajiandikisha na wengine wamefuata ngoma tu. Mrema, mgombea wa upinzani, alivuta umati hadi watu wakalisukuma gari lake kwa mikono, lakini kura za urais zilipojumlishwa alipata kama asilimia 28, Mkapa wa CCM karibu 62. Basi nikaacha kuhesabu vichwa uwanjani, nikaanza kuhesabu nyumba. Barabara kwa barabara nilitaka kujua nani ana neno ndani, na mama yupi akisema, chama chao cha kufa na kuzikana kinamsikiliza. Bibi Titi Mohamed aliujua ufundi huo miaka arobaini kabla yangu. Mwaka 1955 wanawake wa Dar es Salaam aliwaingiza TANU, chama kilichopigania uhuru, kupitia vikundi vyao vya ngoma, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Nikisikia watu wakisema mikakati ya siasa tumeletewa na wataalamu wa nje, huwa namkumbuka yeye.

Kufikia 2005 nilikuwa naratibu kampeni ya jimbo zima, na hapo ndipo penye takrima. Vijana wengi hawalijui neno hili kisiasa. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000, ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kama desturi yetu ilivyo. Lakini kwetu pwani mwenyeji ndiye humkirimu mgeni. Hapa mgeni ndiye aliyebisha hodi na furushi kwapani, na alijua anachokitaka.

Tulikuwa tupige kura Oktoba 30. Mgombea mwenza wa CHADEMA akafariki, tarehe ikasogezwa hadi Desemba 14. Bajeti yangu ilikuwa imekwisha: fedha, mafuta, kanga. Mgombea akasema tuongeze, nikaongeza. Idi ikaangukia mwanzoni mwa Novemba, tukapata na jina la kuzipa: zawadi ya sikukuu. Tulikesha kwenye stoo moja Makorora tukikunja doti, vumbi la kanga mpya likitukereketa kooni.

Kuna bibi mmoja Mwanzange. Nilimkuta kibarazani anasuka ukili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikampa doti yake. Akaipapasa, akalisoma jina la kanga taratibu, akaikunja upya pindo kwa pindo, akanirudishia.

"Kura yangu nilikuahidi tangu mfungo haujaingia. Sasa nikiipokea hii, nitajuaje kama nilikupa au nilikuuzia?"

Nikacheka, nikamwachia mkekani. Jioni mjukuu wake akaileta stoo, imefungwa kwa ule ukili.

Ukurasa wa nyumba yake ndio nilioufungua leo. Mbele yake nilikuwa nimeandika "wetu". Doti iliporudi stoo nililikata, na pembeni nikaandika "anayumba". Katika watu wote wa daftari lile, yeye ndiye aliyekuwa amesimama imara kuliko wote, nami nilimwandika kuwa anayumba.

Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu vya takrima, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao. Hoja nzito ilikuwa kwamba mpaka wa takrima na rushwa hauonekani. Bibi alikuwa ameshaniuliza hilo hilo kibarazani. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja 2010, na mwaka huo nami nikaacha kampeni. Sasa mimi ni mchambuzi wa siasa.

Alhamisi iliyopita redioni msikilizaji mmoja alipiga simu: "Kaka, wewe uliwahi kugawa?" Nikamjibu kwamba enzi zile sheria iliruhusu. Ni kweli iliruhusu. Lakini yeye aliniuliza habari zangu, nami nikajificha nyuma ya sheria. Watu wananisikiliza kwa sababu nilikuwa ndani, na la ndani nimewanyima. Alhamisi hii naenda na daftari, nitausoma ukurasa ule hewani bila kutaja nyumba.

Bibi alishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Jioni nilichukua kalamu nikalikata "anayumba", nikaandika tena "wetu". Nikaliangalia kwa muda, nalo nikalikata.