Malimau ya chumvi ya Desemba 2011

Mwaka 2011 nilikuwa na mimba ya kwanza, tumepanga chumba kimoja Magomeni Mapipa, Dar, na kwa miezi karibu mitatu hakuna chakula kilichopita kooni bila kitu kichachu. Wenzangu wanakula udongo, wengine maembe mabichi, mi nikawa nataka malimau ya chumvi kama ya mama kule Tanga, yale unakula na ganda lake na wali mweupe, mboga hata huiulizi. Achari ya dukani nilijaribu ila pilipili nyingi mno, nikila usiku silali kwa kiungulia.

Basi mwezi wa 11 nikanunua mafungu mawili ya malimau, nikayachana nikayajaza chumvi nikayasokomeza kwenye chupa ya asali, kesho yake naangalia maji yake yamefika nusu tu, nikachukua kikombe nikachota maji ya bomba nikajazia mpaka juu. Hapo ndo nilipoharibu. Siku kumi na kitu baadaye nafungua, harufu kama nguo iliyolowekwa ikasahaulika, juu ukungu wa kijani una manyoya kabisa, malimau yamekuwa telezi. Nililia jamani. Nililia pale uani kama nimefiwa, maana kwa siku zote zile nilikuwa nahesabu, nikiinuka asubuhi natapika najiambia bado siku kadhaa tu.

Mama mwenye nyumba, wote tulimwita Bi Mkubwa, mtu wa Pangani, alikuwa anapepeta mchele akaja kuniangalia.

"Umetia maji?"

"Kidogo tu, Bi Mkubwa."

"Limau halitiwi maji mwanangu. Maji linayo lenyewe, chumvi ndo inayatoa, we subiri tu."

Akasema tutatengeneza mengine siku ya sikukuu. Ilikuwa tarehe 9 Desemba, nchi inatimiza miaka 50 ya uhuru, redio za majirani zote ziko kwenye sherehe, sisi tuko uani na vigoda vyetu na sinia la malimau ya njano. Chupa alishaichemshia maji ya moto akaianika ikakauka kau, tone likibaki ndani alisema umeanza kuharibu. Analisimamisha limau, kisu kinashuka mara mbili msalaba, ila hakifiki chini, vile vipande vinne vinabaki vimeshikana kitakoni. Mbegu anazidokoa kwa ncha ya kisu kwa sababu ya uchungu. Alafu anashindilia chumvi ya mawe humo katikati kwa kidole gumba, mi nilikuwa nimechanika pembeni ya ukucha, chumvi ilivyoingia nikaruka, akanishika mkono akaniambia endelea. Malimau kilo moja, chumvi robo. Akayakandamiza kwenye chupa kwa mchi mpaka yakaanza kulia na kutoa maji, yalipobakia kidogo yasifunikwe akakamulia ndimu nne, sio maji, juisi ya ndimu, yote yakazama. Kabla ya kifuniko akaweka nailoni maana chumvi inakula chuma. Kazi yangu ikawa kuigeuza chupa kila asubuhi, na usiku maji yalipokuwa yananijaa mdomoni nilikuwa naiwekea tochi ya simu naona ganda linavyoanza kupauka.

Nikamuuliza kuhusu jua, maana mama yangu huanika chupa juu ya bati. Akasema jua linaharakisha tu, anayepika ni chumvi.

Na kweli jua lenyewe likapotea. Tarehe 20 ikaanza ile mvua ambayo watu wa Dar tunaikumbuka, bonde la Jangwani likawa ziwa, watu wa bondeni wanapanda juu na watoto na magodoro yamelowa. Kwetu ilikuja familia moja, mama na watoto watatu, wa mwisho anatetemeka mpaka meno yanagongana. Bi Mkubwa akawapa chumba chake cha mbele, akapika wali sufuria kubwa, mboga hakuna, hakuna aliyeweza kutoka kwenda sokoni. Akaniangalia. Sikungoja aseme, nikaenda kuleta chupa.

Siku kumi na mbili tu, ganda bado gumu kidogo. Bi Mkubwa akayasuuza chumvi ya juu akayakata vipande vidogo vidogo, akamwaga juu ya wali pamoja na kitunguu. Yule mama wa bondeni alikuwa hajasema neno tangu afike, akala tonge la kwanza akafumba macho, akaniuliza, "Ni wewe umetengeneza?" Nikamwambia ni mimi na Bi Mkubwa. Akala sana, na wanawe wakala sana, na mimi kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nilikula sahani nzima ikakaa tumboni.

Walikaa kwetu siku tano. Yalibaki malimau mawili chini ya chupa, nikayafunika vizuri, nikayafungua katikati ya Januari. Ganda lilikuwa linakatika kwa kijiko. Moja nikampelekea Bi Mkubwa, moja nikala mwenyewe nimesimama pale pale mlangoni.