Tiketi zimekwisha, nimelizwa, na bado Mama akaenda taarab

Mama alinipa noti sita za elfu kumi Jumapili baada ya adhuhuri. Tiketi mbili za viti vya mbele, yake na ya shangazi, elfu thelathini kila moja. Kosa la kwanza halikuwa la tapeli, lilikuwa langu: nilikaa na hela hizo siku nne.

Kujitetea, ilikuwa Novemba. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho, na Novemba hatupumui. Magunia yanashuka, mizani inapiga kelele, kila mkulima anataka kujua mnada umesimama bei gani. Ndiyo Novemba hiyohiyo wasanii wanapoikumbuka Mtwara. Malipo yakianza kuingia benki, mji unabadilika sura: pikipiki mpya, mabati mapya, harusi tatu kwa mtaa mmoja, na mabango ya shoo kila nguzo. Wanamuziki wa Dar es Salaam wanaijua kalenda ya korosho kuliko sisi tunaozipima. Safari hii lilikuja kundi la taarab ambalo Mama analipenda tangu sijazaliwa, katika ukumbi mmoja wa Shangani. Ukumbi wenyewe si mkubwa.

Utaratibu ulikuwa hivi: unalipia kwa simu, unaletewa ujumbe wenye namba ya tiketi, halafu siku ya shoo, kuanzia saa sita mchana, unaipeleka namba ukumbini unafungwa bangili ya karatasi. Usiku mlangoni hawaulizi namba, wanaangalia bangili. Alhamisi nikafungua simu nilipie. Viti vya mbele vimekwisha. Nikajaribu vya nyuma, navyo vimekwisha.

Kule Mikindani Mama na mashoga zake walikuwa wameshashona sare. Zambarau, na mtandio wa rangi ya dhahabu. Wenzake wote walishakuwa na tiketi. Aliyekosa ni yule mwenye mtoto anayejua mambo ya simu.

Usiku huo kwenye kundi la WhatsApp la mtaani akatokea mtu: "Nauza tiketi mbili za mbele, nimepata dharura." Chini yake picha ya ujumbe wenye namba. Bei elfu thelathini na tano, nyongeza ya elfu tano tu, nikaona huyu muungwana. Nilipomwandikia akaniita bosi, akanitumia mpaka picha ya kitambulisho. Kisha akasema kuna watu watatu wananisumbua, tuma ya moja nikushikie zote.

Hapa ndipo ninapojionea aibu. Simu yenyewe ilinionya. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina la mpokeaji hutokea, na lililotokea lilikuwa la mwanamke, wakati kitambulisho alichonitumia ni cha mwanaume. Nikamuuliza. Akajibu, "Laini ya shemeji yako hiyo, yangu imejaa." Imejaa nini, sikuuliza. Nikabonyeza. Baada ya dakika kumi nikatuma na ya pili. Elfu sabini: sitini za Mama, kumi zangu. Namba ya tiketi akanitumia kweli, nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi kazini mwenzangu wa mizani ananionyesha simu kwa furaha: amempatia mkewe tiketi. Naangalia namba, naangalia yangu. Ileile, tarakimu kwa tarakimu. Tukatazamana kama wanaume wawili waliolipa mahari ya binti mmoja.

Nilipiga simu kwa watu wa mtandao. Wakasema hela ilishatolewa kwa wakala dakika chache baada ya kuingia; ningewahi ikiwa bado imo, wangeweza kuizuia. Ujumbe wake na namba yake nikavituma 15040, ile namba ya kupokea taarifa za utapeli wa simu. Kisha nikarudi kwenye magunia, maana lori halisubiri mtu mwenye majonzi.

Lakini siku ile, nikiwa naandika, kichwa kikaanza kufanya kazi ambayo kingeifanya Alhamisi. Sisi Mtwara tunauza korosho kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/08: mzigo unakaa ghalani, mkononi inabaki karatasi ya kuonyesha kwamba umepokelewa. Nimeshaeleza jambo hili mikutanoni mpaka sauti ikakauka: karatasi si korosho. Korosho ziko ghalani. Mnunuzi akishinda mnada haji na gari kuchukua mzigo kwa sababu ana sura nzuri. Analipa kwanza benki, ndipo ghala linaachia. Mkulima hamjui mnunuzi, mnunuzi hamjui mkulima, na hakuna anayelazimika kumwamini mwenzake, kwa kuwa katikati kuna ghala. Mimi ninayeyasema hayo kila msimu nilikuwa nimenunua picha ya stakabadhi.

Namba ya tiketi mtu anaweza kuwatumia watu mia. Ukumbi utamtambua wa kwanza tu, tisini na tisa watabaki nje wakigombana na mlinzi asiye na kosa. Kwa hiyo sikutakiwa kununua namba. Nilitakiwa kununua bangili, na hela yangu isitoke mfukoni mpaka bangili iko mkononi mwa Mama. Ukumbi ndio ghala.

Nikaacha kutafuta kwa watu nisiowajua. Nje ya ukumbi palikuwa na kijana anauza elfu sitini moja. Huku Kusini wanaowazungukia wakulima kununua korosho kwa mlango wa nyuma tunawaita kangomba; yule ni kangomba wa taarab. Pengine tiketi zake zilikuwa za kweli, sijui, ila kwa mwenye sabini zilizokwenda na maji, sitini kwa kiti kimoja ni matusi. Nikampigia dada mwenye saluni kule Chikongola anayemsuka mke wangu, kwa sababu wanawake wa sare wote hupita mikononi mwake. Kabla ya saa mbili usiku akanipigia: kuna mteja wake amefiwa na babu Newala, anasafiri Jumamosi mchana, tiketi mbili za mbele anazo, anataka hela yake tu.

Nikampigia.

"Pole na msiba, dada."

"Nishapoa, kaka. Ni kazi ya Mungu."

Nikamweleza bila kuficha kwamba nimeshalizwa mara moja wiki hii, kwa hiyo sitatuma hata shilingi kabla ya kuonana. Akacheka kidogo, kisha akanigeuzia kibao.

"Na mimi je? Mama yako akishafungwa bangili ukaondoka zako, nitakukimbiza na begi la msibani?"

Swali la haki kabisa. Kwenye habari hizi za tiketi watu wanamsema muuzaji tu, kana kwamba mnunuzi hawezi kuwa mwizi. Tukapatana hivi: tukutane ukumbini saa sita kamili dirisha linapofunguliwa. Aje na simu ileile iliyopokea ujumbe wa tiketi, si wa kupokezwa na mtu, na ujumbe wa malipo uwepo chini yake. Karani wa ukumbi aingize namba mbele yetu. Bangili moja, elfu thelathini. Bangili ya pili, elfu thelathini. Kama namba imeshatumika, karani mwenyewe atasema, na kila mtu anarudi na chake.

Hela nilitoa kwenye fungu la tairi la pikipiki. Tairi lilisubiri.

Tatizo likabaki Mama. Bangili zile gundi ikishashika, kuivua ni kuichana, kwa hiyo lazima mkono wenyewe uwepo. Nikamwambia ni utaratibu mpya, wenye viti vya mbele wanahakikiwa mchana. Akaniangalia kwa muda mrefu kidogo. "Mbona wenzangu hawajaambiwa?" Nikasema nitawahi bajaji.

Saa sita yule dada alikuwepo, kavaa baibui, begi miguuni, basi lake saa nane. Nikamsalimia, Mama akampa pole, na kwa dakika tatu ikawa ni habari za marehemu na ukoo wake, ikagundulika shangazi anamjua mtu wa Newala anayemjua babu huyo. Mimi natazama dirisha tu. Zamu yetu ikafika. Dada akaisoma namba kutoka simuni mwake, karani akaingiza, akasubiri, mtandao ukazunguka. Nadhani hata pumzi nilikuwa sijashusha.

"Mbili, za mbele. Nani anaanza?"

Mama akanyoosha mkono kama anavishwa pete. Bangili ikafungwa. Nikaingiza namba ya yule dada, jina likatokea, nikalisoma kwa sauti. Yeye bila kuombwa akatoa kitambulisho: jina lilelile. Nikaweka namba ya siri. Simu yake ikalia, ujumbe umeingia, lakini hakuridhika nao. Akafungua menyu akaangalia salio, kwa sababu siku hizi hata ujumbe wa "umepokea" unatungwa na matapeli. Nikampenda kwa hilo. Kisha zamu ya shangazi, vilevile, tukamaliza kwa dakika tano. Nikamtia elfu tano mkononi, ubani, akaenda zake stendi.

Mama hakuitia ile bangili kwenye maji siku nzima. Alipika kwa mkono mmoja, akatawadha akiwa kaifunga mfuko wa nailoni, na kila jirani aliyepita alipata nafasi ya kuiona.

Ya ukumbini siyajui yote, nilikuwa nje na wenye bajaji. Nilisikia kinanda, nilisikia vigelegele, na nilihadithiwa kwamba shangazi alitoka kwenda kutuza mara nne, kila mara na noti moja ya elfu mbili, akicheza taratibu ili safari iwe ndefu. Walitoka saa tisa usiku, mitandio begani, sauti zimekauka.

Tulipopita kona ya kuingia Mikindani Mama akasema, bila kunigeukia:

"Haya. Huyo tapeli amekula ngapi?"

"Sabini."

"Zangu sitini, na wewe kumi?"

"Ndiyo, Mama."

Akacheka mpaka dereva naye akacheka bila kujua kinachochekwa. "Basi nilizwe mimi, unune wewe," akasema. Bangili aliivua Jumanne.