Nyumba ya wazee haianzi na ploti

Kuna mama wa Kifaransa anaitwa Jeanne Jugan, wangapi mnamjua? Wengi hapa Nairobi tunajua kazi yake tu bila kumjua mwenyewe, maana ile Nyumba ya Wazee ya Kasarani ni ya masista aliowaanzisha, Masista Wadogo wa Maskini. Basi huyu mama hakuwa na kitu. Alizaliwa 1792 Cancale, babake mvuvi akapotelea baharini, ye akakua akifanya kazi kwa watu, na akiwa na miaka 47 bado anapanga tu huko Saint-Servan na wanawake wengine wawili. Baridi ya 1839 ikaingia, akamchukua mjane kipofu, Anne Chauvin, amepooza na hana wa kumwangalia, akambeba hadi kwake juu, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye akahamia darini. Hiyo ndo siku nyumba ilifunguliwa, hakuna utepe, hakuna mheshimiwa.

Akaja wa pili, wa tatu, kufika 1841 wako kama 12 na ikabidi wahame.

Sasa pesa. Wale shosho wengi wao walikuwa ombaomba, kila mmoja ana milango yake amezoea kubisha. Jeanne akawaambia nyi kaeni, nitajieni tu kwa nani na nani, nitaenda mimi. Akashika kikapu akazunguka, anaomba hela, mabaki ya chakula, nguo kuukuu, chochote. Hapo ndo nampigia saluti, hakutafuta wafadhili wapya, aliwachukua wale wale waliokuwa wanatoa tangu zamani, na mji ukajikuta unalea wazee bila hata kuitwa kikao.

Hadi leo masista hao hawataki mapato ya kudumu, wanaishi kwa kuomba. Najua kuna mtu atasema huo si mpango ni kubahatisha, lakini mi naona benki ikijaa majirani huacha kuja, na mzee asiyetembelewa hata akila nyama kila siku bado ni mpweke.

Ila sio hadithi tamu yote. 1843 padri mmoja, Auguste Le Pailleur, alimpindua uongozini, baadaye akajiita mwanzilishi, na Jeanne akamaliza miaka 27 ya mwisho pembeni huku masista wapya hawajui ni nani. Akafa 1879. Utakatifu alitangazwa 2009, baada ya miaka 130!

Nayaandika haya kwa sababu jumuiya yetu inataka kujenga nyumba ya wazee ila imekwama kwenye ploti na ramani, kila kikao ramani, na wazee tunao hapa hapa mtaani wanalala na njaa. Mi nitapendekeza tugawane zamu kwanza, nani anafua, nani anapika uji, nani analala kwa wazee usiku maana usiku ndo kazi yenyewe. Na risiti zitoke kwa jina la jumuiya, sio la mwenyekiti, hilo liandikwe kwenye katiba kabla hata shilingi moja haijaingia.